Chaneli ya Panagia

"Redio koli huuzwa mbilimbili, kama viatu," Pandelis mwenye duka alisema. "Umewahi kuona mtu ananunua kiatu kimoja?"

Lambros alikuwa ameomba tatu. Nyuma yake alisimama mkewe Asimina na mfuko wa mikate, na pembeni baba yake, Mzee Thymios, aliyeteremka mjini na shati lake la kanisani kwa sababu kitu kinachonunuliwa kilikuwa chake, na alitaka kukiona kabla hajafungwa nacho shingoni kama kengele ya mbuzi.

"Sisi ni watatu," Lambros alisema.

"Basi chukua nne."

"Ya nne nimpe nani? Punda?"

"Punda wako ana akili kuliko nusu ya watu wa Pefkorema. Mpe tu."

Wanawake wawili wa Athene waliokuwa wakichagua feni walicheka. Lambros naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana hajacheka.

Kisiwa kizima kilikuwa kikinunua vitu hivyo mwaka ule. Kiangazi kilichopita, moto ulipokula vijiji vya upande wa pili wa mlima, simu ndizo zilizotangulia kufa, na watu wakatafutana ndani ya moshi kwa mayowe. Sisi wa Pefkorema tulikaa ufukweni tukitazama, tukamshukuru Mungu kwamba si sisi. Lakini kila aliyekuwa na mtu msituni alijua fika kwamba zamu yake itafika. Na Mzee Thymios alikuwa bado anagema utomvu wa misonobari kule Rema, bondeni, peke yake, ingawa umri wa kushika kishoka ulikwisha kumpita, maana hajazaliwa mtu wa kumwambia akae nyumbani.

Pandelis aliweka aina mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya njano, nene, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyembamba, na bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya njano.

"Hii nyeusi ina kufuli," alieleza. "Mkijifunga, mnasikizana ninyi tu. Hata mtu akiwa kwenye chaneli yenu, hamumsikii, wala yeye hawasikii ninyi."

"Kwani sisi ni majambazi?" Mzee Thymios aliuliza. "Tuna siri gani za kufungia?"

"Na hiyo ya njano?" Lambros aliuliza.

"Ya njano haina kufuli. Aliye kwenye chaneli yako ni ndugu yako, mpende usimpende. Na zote mbili zina sharti moja: bonyeza kwanza, tulia kidogo, ndipo useme. Ukikurupuka, neno lako la kwanza linamezwa."

Lambros aliichukua ile nyeusi, akaipima mkononi, akageuza kikaratasi cha bei kuona kama upande wa pili umeandikwa kingine. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Asimina aliona masikio ya mumewe yanapata moto, na akaona kwamba mmoja wa wale wanawake wa Athene naye ameyaona. Hilo ndilo lililomuuma kuliko bei.

"Kwenu wengi wamechukua za njano," Pandelis alisema kwa sauti ya chini, maana si mtu mbaya. "Karibu kila nyumba. Sijaletewa lawama."

"Basi penye wengi hapaharibiki neno," Lambros alisema, akairudisha ile nyeusi haraka kama iliyomchoma.

"Mimi naitaka hiyo ya njano," Mzee Thymios alidakia, akimfichia mwanawe aibu. "Ikiniangukia kwenye majani nitaiona. Hiyo nyeusi ni ya kuzikia."

Wakanunua jozi moja. Ya njano.

*

Jioni walizikalisha mezani kati ya sahani ya jibini na chupa ya mafuta ya zeituni, wakazitazama kama wageni wasiojulikana wanakula nini.

"Moja ya Baba, moja ya Asimina hapa nyumbani," Lambros alisema. "Mimi nina miguu."

"Na ukiwa mbali?" Asimina aliuliza.

"Nikiwa mbali nitakimbia."

Kulikuwa na chaneli kumi na sita. Lambros alitaka ya kwanza, maana ndiyo rahisi. Mzee akatikisa kichwa.

"Ya kwanza kila mjinga ataishika. Weka kumi na tano."

"Kwa nini kumi na tano?"

"Panagia husherehekewa tarehe ngapi?"

"Kumi na tano Agosti."

"Basi. Mama wa Mungu ana siku yake, na moto nao una mwezi wake, na mwezi ni ule ule. Tukikaa kwenye namba yake, hata yeye atatusikia. Nani mwingine atakuwa na akili ya kulifikiria hilo?"

Lambros alicheka, lakini alifanya ishara ya msalaba. Akazungusha hadi kumi na tano, kisha akakizungushia kitufe cha kila redio utepe wa gundi mara kadhaa, ili vidole vya baba yake, vilivyojaa utomvu, visije vikakisogeza. Akamwambia Asimina asimtajie mtu. Huku kwetu ukijua chaneli ya mtu unajua misonobari anayogema, mizinga yake ya nyuki ameificha kwa nani, na anawasemaje wakwe zake. Kwa hiyo kila nyumba ya Pefkorema ilifunga dirisha kwanza, ndipo ikachagua.

Mzee alitoka uani na redio yake, Asimina akabaki jikoni.

"Baba, unanisikia?"

"Nasikia mwanamke," redio ilikoroma. "Sijui ni wewe, sijui ni marehemu mke wangu, sijui ni yule mama wa posta. Humu ndani nyote mmebanwa pua."

"Ni mimi. Sasa niambie: ukiona moshi, unafanya nini?"

"Nashuka baharini."

"Unapanda?"

"Sipandi, binti. Mimi si mbuzi."

Asimina alimfanya airudie ahadi hiyo kila asubuhi, wakati anamfungia mkate na zeituni. Nashuka, sipandi. Mzee alinung'unika, lakini aliirudia. Alimpenda mkamwana wake kuliko alivyoweza kusema, na kutii ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kulisema.

*

Siku moja mchana Asimina aliiwasha redio ili kuona kama betri bado ni nzima, akamsikia jirani yake Garoufalia.

"Umekula yale mayai?" Garoufalia alikuwa anauliza. "Na yule msichana usimpigie simu. Wa miguu kama ile hafugi mbuzi."

Kwanza Asimina alidhani sauti inapita ukutani, maana nyumba zao zimeegemeana. Kisha mwanaume akajibu, "Mama, niache nifanye kazi," na huyo alikuwa Zisis, mwana wa pekee wa Garoufalia, aliyekuwa mlimani na mbuzi wake. Asimina akaketi na kufunika mdomo kwa mkono.

Alimwambia Lambros walipokuwa wanakula.

"Mwambie abadilishe," Lambros alisema.

"Nimwambieje? Samahani jirani, nimesikia unavyoisema miguu ya mchumba wa mwanao?"

"Basi tubadilishe sisi."

"Mimi sitoki kwenye namba ya Panagia," Mzee Thymios alisema. "Nilikuwa wa kwanza. Atoke yeye."

"Hujui kama ulikuwa wa kwanza, Baba."

"Najua. Garoufalia hajawahi kufikiri kitu akiwa wa kwanza."

Wakacheka, na jambo likaishia kwenye kicheko. Utepe ulibaki ulipo. Na tuseme kweli, Asimina hakusikitika sana. Kila baada ya siku chache, alasiri, kazi zikiisha, alijikuta anaiwasha redio ili kuangalia betri, na betri hiyo aliiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Asichokijua ni kwamba ukuta ule ulikuwa na pande mbili. Garoufalia naye alikwisha kumsikia Asimina akimwambia mzee, "Baba, leo usimuulize Lambros habari za kazi ya hotelini, wamemkataa, wanataka vijana." Tangu siku hiyo alimsalimia Lambros kwa huruma ambayo Lambros hakuielewa. Alifikiria kumwambia Asimina, akaona aibu. Atamwambiaje mtu kwamba amekuwa akisikiliza ya nyumbani kwake? Akaamua kwamba kama ni dharura, Mungu aepushe, wanawake wawili wanaweza kupishana kwenye chaneli moja kwa adabu, kama wanavyopishana mlangoni kwa mwokaji mikate.

Wote wawili hawakujua kwamba kijiji kizima kiko humo. Redio nyingi zililala kwenye droo, zimezimwa, betri zikitunzwa kwa siku yake.

*

Siku yake ilifika wiki ya kwanza ya Agosti, alasiri, na upepo wa kaskazini uliokuwa umevuma tangu alfajiri. Kengele ya kanisa ililia kwa haraka, bila mpangilio. Lambros aliacha kijiko kwenye dengu, akachukua koleo na pampu ya kunyunyizia dawa ya zeituni, akaondoka na wanaume wengine kwenda kuukata moto usiingie kijijini. Mlangoni aligeuka.

"Mwite Baba. Mwambie ashuke."

"Nitamwita."

Simu ilikuwa imekwisha kufa. Asimina akaiwasha redio, na kabla hajabonyeza chochote jikoni kukajaa watu.

"Stamos! Stamos, mwanangu!"

"...kwenye zizi, kwenye zizi..."

"Nani yuko hapo? Tokeni, hii ni chaneli yetu!"

"Yetu wapi? Tokeni ninyi!"

"Mama, sikusikii. Mama."

Alizitambua baadhi ya sauti, na nyingine hakuzitambua. Mke wa mwokaji mikate. Bwana wa mizinga ya nyuki. Mtu analia tu, hasemi. Nyumba zote za Pefkorema zilikuwa ndani ya kile kipande cha sabuni, kila moja imeduwaa kuzikuta nyingine humo, na Panagia, kama alikuwa anasikia, alikuwa anatusikia sote kwa pamoja.

Alibonyeza. "Baba! Baba, ni Asimina, shuka baharini!" Akaachia. Mluzi mkali, kisha sauti tatu zikigombana. Akabonyeza tena. Hivyo ndivyo mashine ile ilivyo: ukibonyeza husikii, ukiachia huwezi kusema, na wawili wakibonyeza pamoja wanamezana. Ingefaa watu wanyamaze, mmoja mmoja aseme. Lakini nani angenyamaza? Kila mmoja alikuwa na mtu wake juu, na kunyamaza kulikuwa sawa na kumwachia.

Alibadilisha betri. Alitamani kuing'oa ile gundi ahamie chaneli nyingine, akakumbuka kwamba hata akihama, mzee amefungwa pale pale kwa utepe ule ule, na utepe ameufunga mwanawe. Akabaki.

Askari alikuja kuwatoa watu majumbani. "Mama, kivuko kinangoja."

"Namwita baba mkwe wangu."

"Utamwita ukiwa ndani ya kivuko."

"Nikienda mbali hatanisikia."

"Mama, tafadhali. Nisikubebe mbele za watu."

Akambeba mbele za watu. Asimina alipiga teke hewani, kiatu kimoja kikatoka, na hakuna aliyecheka. Aliwekwa kwenye sitaha katikati ya vikongwe na kuku waliofungwa kwenye mifuko, akaendelea kubonyeza na kuita, kubonyeza na kuita. Mlima ulikuwa mwekundu mpaka juu kabisa, kwenye kikanisa cha Panagia. Pwani ikarudi nyuma, sauti zikapungua moja baada ya nyingine kadiri maji yalivyoongezeka, mpaka redio ikabaki inakoroma. Sauti ya Mzee Thymios hakuisikia hata mara moja.

*

Walimkuta moto ulipolala. Hakuwa chini, kwenye njia ya bahari, walikomtafuta kwanza. Alikuwa juu, hatua chache kutoka kikanisa cha Panagia, mahali ambapo kutoka Rema unapafikia kwa kupanda tu, na moto wa siku ile ulipanda na bonde lile lile nyuma yake. Lambros alimtambua kwa kishoka. Karibu na mkono wake palikuwa na kitu cha njano kilichoyeyuka na kuganda kwenye jiwe.

Njia ya chini ilikuwa wazi. Hilo ndilo lililowashinda watu. Kila aliyekuja kutoa pole alilirudia, kwa upole, na kila upole ulikuwa kama msumari. Njia ya chini ilikuwa wazi mpaka jioni. Zisis, mwana wa Garoufalia, aliyekuwa upande wa pili wa mlima, alishuka kwa pikipiki yake na kukuta hata pwani bado haijafukiwa na moshi. Sasa mzee mzima, aliyezaliwa msituni, anapandaje mbele ya moto?

"Ukaidi," walisema kwenye ukumbi wa mchezo wa mpira tulimolazwa sote. "Hakuwahi kumsikiliza mtu."

Na Lambros, aliyekuwa hajalia, akalisema neno ambalo wengine walilizunguka. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Asimina alilishika neno hilo, akalala nalo. Lilimuuma, lakini pia lilimfaa. Asubuhi zote zile, nashuka, sipandi. Na siku yenyewe ilipofika, mzee akafanya alivyotaka. Alimkasirikia. Ilikuwa rahisi kumkasirikia kuliko kuikumbuka redio.

*

Nyumba yao haikuungua. Moto ulikata kona nyuma ya makaburi, ukaacha kijiji kikiwa kimezungukwa na weusi pande zote. Siku ya arobaini ilipofika, Asimina alichemsha ngano ya wafu, akaitandaza kwenye kitambaa ikauke, akawa anaichanganya na zabibu kavu na komamanga. Hakukuwa na misonobari ya kugema tena, wala kazi, na Lambros alikuwa amekwenda kuazima viti.

Garoufalia aliingia bila kubisha, kama siku zote. Alinawa, akachukua kichujio, akaanza kunyunyiza sukari juu ya ngano. Sukari ikaangukia mezani.

"Unamwaga," Asimina alisema.

"Namwaga." Akaweka kichujio chini. Akatoa mfukoni mwa aproni yake redio ya njano, akaiweka karibu na sinia. Kitufe chake kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi, na namba yake ilikuwa kumi na tano.

"Nilijua," Asimina alisema. "Nilikuwa nakusikia tangu Juni. Nisamehe."

"Nami nilikuwa nakusikia. Si hilo nililolijia." Garoufalia alikaa. "Siku ile nilimsikia Thymios."

Asimina aliacha kuchanganya.

"Aliuliza njia. Alisema, bonde limejaa moshi, sioni, nishuke au nipande? Mara moja tu alisema. Lakini mimi alipomaliza tu nilibonyeza, nilikuwa namwita Zisis wangu. Yeye alikuwa upande wa kule, kule kupanda ndiko salama, mbuzi wamekula majani yote, pale kanisani pana mawe matupu. Nikamwambia panda. Panda kwenye Panagia, usishuke." Alijifuta uso kwa aproni. "Jina la Zisis nililitaja, Asimina. Naapa nililitaja, mwanzo kabisa. Lakini nilikurupuka, nadhani lilimezwa. Nilipoachia, nikamsikia baba mkwe wako."

"Alisema nini?"

"Usinifanye nirudie."

"Alisema nini, Garoufalia?"

"Alisema, sawa, binti. Napanda."

Nje mtu alikuwa anaburuta viti kwenye mawe. Asimina alishika ukingo wa meza.

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia! Nilibonyeza nikasema si wewe, Thymios, si wewe, shuka. Sijui mara ngapi. Kila nilipoachia nikawa nasikia sauti moja tu juu ya nyingine zote, ipo karibu, kubwa, imefunika kila kitu." Alimtazama. "Yako. Ulikuwa unamwita. Baba, Baba, Baba."

Asimina alikuwa anaiona njia ya Rema, kila jiwe lake, na mzee anageuka katikati ya moshi, anaipa mgongo bahari aliyoahidi kuishukia, kwa sababu ameambiwa na sauti ya mwanamke, na mwanamke mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa na haki ya kumwambia. Magoti yake mabovu. Anapanda.

"Zisis hata redio hakuwa nayo," Garoufalia alisema. "Aliiacha imetundikwa zizini. Nilikuwa nasema na ukuta."

Mlango ulisukumwa, Lambros akaingia na viti viwili kila mkono. Alimsalimia Garoufalia, akaviweka chini, akaitazama ile redio mezani bila kuuliza, kama anavyotazamwa mtu uliyegombana naye. Kisha akachota ngano kidogo kwa vidole, akaionja.

"Ina sukari ya kutosha," alisema. "Angeipenda. Angekuwa anasikia la mtu, leo angekuwa hapa anatuambia tumekosea. Ndiyo hivyo, sikio la kufa..."

"Usiliseme tena," Asimina alisema.

"Niseme nini basi? Alipanda."

"Aliambiwa apande. Alisikia, Lambros. Alisikia, akatii."

Lambros alibaki na mkono juu ya sinia, chembe za ngano zimeshikamana na vidole vyake.

"Aliambiwa na nani?"

Asimina alimtazama Garoufalia, Garoufalia akamtazama Asimina, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.